Kufuli Ndani ya Mashini ya Mnunuzi: Kisa cha Flashi za Masomo Lubumbashi

Kisa hiki kilitokea Lubumbashi, na mimi ndiye niliyeandika programu inayozungumziwa humu. Nimeondoa majina ya watu, shule na mtaa wake, na mwaka. Hesabu nimeziacha kama zilivyokuwa kwenye daftari langu, kwa kuwa ndizo zinazofundisha. Mwenye kazi amesoma maandishi haya na kukubali yatoke. Ninawaandikia mafundi na waandishi wa programu wanaoombwa kila mara kitu kilekile: "Nifungie kazi yangu, watu wasiinakili."

Usuli

Mwenye kazi ni mwalimu wa hisabati na fizikia aliyesimama ubaoni zaidi ya miaka 20. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa humanite, yaani sekondari ya juu, wanamjua kwa jambo moja: anajua kupasua item za Exetat. Kwa msomaji asiye wa Kongo, Exetat ni mtihani wa Serikali unaofunga shule ya sekondari. Anayeupita anapata diploma ya Serikali na mlango wa chuo kikuu unafunguka. Sehemu yake kubwa ni maswali ya kuchagua jibu moja kati ya kadhaa, na kila swali tunaliita item.

Kwa miaka mingi Mwalimu aliuza silabi, yaani daftari lililopigwa fotokopi na kubanwa pini. Kila mwaka aliiona silabi yake mikononi mwa watoto ambao hakuwauzia, nyingine ikiwa fotokopi ya fotokopi hata alama za mizizi hazisomeki. Jambo hilo lilimuuma kwa namna mbili. Aliipoteza pesa, na vilevile mtoto aliyesoma alama isiyoonekana alijifunza kosa lenye jina la Mwalimu juu yake.

Ndipo akaamua kurekodi video. Alikaa miezi 7, saa za jioni, katika darasa tupu lenye dirisha kubwa, simu ya mpwa wake ikiwa imefungwa juu ya dawati. Yakatoka masomo 46, jumla ya saa 19. Nimeyatazama yote. Ni kazi nzuri kweli: sauti ni safi, ubao unaonekana, na kila anapofika mahali ambapo watoto hujikwaa, anasimama na kuonyesha kosa lenyewe kabla ya kuonyesha jibu.

Intaneti haikuwa njia ya kuyauza. Masomo yote yalikuwa na uzito wa giga 11 hivi, na mzazi wa Katuba au Ruashi, komini za Lubumbashi, hawezi kununua mega za kupakua mzigo huo. Flashi ya giga 16 ilitosha. Wanunuzi walikuwa na kompyuta za okazyo, yaani zilizokwisha kutumika, zilizotoka Ulaya au Dubai, nyingi zikiwa na Windows 7, na nyingi zimekwisha kufunguliwa na mafundi mara kadhaa: diski ya mashini hii, kumbukumbu ya mashini ile. Jambo hili nililijua. Sikulipa uzito uliostahili, na sehemu kubwa ya kisa imejengwa juu ya kosa hilo.

Ombi na uamuzi wa kwanza

Mwalimu alinijia akiwa na maneno aliyoyatayarisha. "Mudogo yangu, nataka hii kazi itoke kwangu, ikae kwa yule aliyeinunua. Isitembee."

Nilimwambia kwamba hakuna kufuli lisilovunjika. Ni neno tunalolisema sote ili baadaye tusilaumiwe, na mteja hulisikia kama adabu tu. Sikumweleza litavunjikaje, nani atalivunja, na baada ya siku ngapi. Moyoni niliamini litakaa mwaka mzima.

Tulipima njia nne. Kuuza wazi, alikataa. Nywila moja kwa kila flashi tuliitupa haraka, kwa sababu nywila husafiri pamoja na faili. Ufunguo wa USB wa kiwandani, kama ule unaokuja na programu ghali za wahandisi wa migodi, ungeongeza gharama kubwa kuliko bei ya masomo yenyewe. Nilijaribu pia kuifanya flashi yenyewe kuwa ufunguo kwa kusoma namba yake ya ndani. Nikachukua flashi 10 za bei rahisi sokoni: 4 zilikuwa na namba moja na 2 hazikuwa na namba kabisa. Njia hiyo ikafa siku ileile.

Ikabaki kufunga masomo kwenye kompyuta ya mnunuzi. Nilisimba kila video, yaani niliigeuza isichezeke bila ufunguo, nikaandika programu ya kuichezea, na programu hiyo ikawa inasoma vitu vitatu: namba ya kadi mama, yaani bodi kuu ya kompyuta, namba ya diski, na anwani ya kadi ya mtandao. Kutokana na vitatu hivyo ilitoa msimbo. Mnunuzi alimpigia Mwalimu au kumtumia msimbo huo kwa WhatsApp, Mwalimu akaingiza kwenye programu yake, na akarudisha jibu la tarakimu 12. Kila mnunuzi aliruhusiwa kompyuta mbili. Masomo yangejifunga mwishoni mwa Julai, mtihani ukiwa umepita, ili flashi isiuzwe tena kwa mtoto wa mwaka unaofuata.

Sababu zetu zilikuwa za kweli wakati ule. Mwalimu alikuwa na deni la vifaa vya kurekodia. Bei ilikuwa dola 15, na aliamini kwamba mzazi hatalipa dola 15 kwa kitu ambacho jirani atakipata bure kesho yake.

Kilichotokea

Januari tuliuza flashi 38, na Februari 23 nyingine. Jumla ni 61, na hazikuongezeka.

Wiki ya pili, masomo 6 ya kwanza yalionekana wazi kwenye simu za wanafunzi. Kosa lilikuwa langu moja kwa moja. Toleo la kwanza la programu lilikuwa linasimbua somo zima na kuliweka katika folda ya muda ya Windows, kisha kulifuta mwanafunzi anapofunga dirisha. Kijana mmoja aliacha dirisha wazi, akaingia kwenye folda hiyo, akachukua faili. Hakuhitaji kujua lolote kuhusu usimbaji. Nilikesha usiku 5 kuandika toleo la pili, lililosimbua kipande kwa kipande ndani ya kumbukumbu bila kuandika chochote kwenye diski, na ambalo dirisha lake lilionekana jeusi kwa programu za kurekodi skrini. Windows yenyewe inatoa uwezo huo. Tukabadilisha flashi zilizokwisha kuuzwa. Kwa wiki kadhaa nilijiona nimeshinda.

Wakati huohuo simu zilianza. Nilikuwa na daftari, na Mwalimu alikuwa na lake. Kati ya Januari na katikati ya Aprili tulipokea maombi ya msaada 112 kutoka kwa wanunuzi 61. Maombi 41 yalikuja kwa sababu Windows ilisakinishwa upya au diski ilibadilishwa. Fundi wa mtaani akikuta virusi anaformati, yaani anaifuta diski yote, na baada ya kuformati namba niliyoisoma inakuwa nyingine. Maombi 27 yalitokana na kadi ya mtandao: mtu amechomeka kifaa cha Wi-Fi cha USB, au amekichomoa, na programu imeona kompyuta ngeni. Maombi 19 yalihusu saa. Kompyuta ya okazyo ambayo betri yake ndogo ya saa imekufa huamka kila umeme unaporudi ikiamini kwamba ni mwaka wa zamani, na programu yangu ilitafsiri hilo kuwa ni mtu anayerudisha tarehe nyuma ili aibe, ikajifunga. Maombi 14 yalikuwa ya antivirusi zilizoifuta programu kwa sababu ilijificha kama virusi vinavyojificha. Maombi 11 yalikuwa ya mambo mchanganyiko.

Mwalimu alikuwa anajibu simu wakati wa mapumziko, akiwa njiani, na Jumapili baada ya misa. Mama mmoja, mchuuzi wa mboga, alikuwa amemnunulia binti yake flashi kwa pesa za likelemba, yaani mchezo wa kuchangiana pesa kwa zamu. Kompyuta yao iliformatiwa mara mbili, na nafasi zake mbili zikaisha. Alipopiga mara ya tatu, programu ya Mwalimu ilikataa kutoa jibu, kwa sababu nilikuwa nimeiandika ikatae. Ilibidi aje kwangu kwa miguu, nami nifungue hifadhidata kwa mkono.

Kuna tukio jingine la Machi ambalo nililielewa baadaye. Katika chumba kimoja cha kompyuta cha mtaani, fundi alikuwa amenakili diski moja nzima kwenye mashini 5 ili asisakinishe Windows mara 5. Kunakili diski kwa namna hiyo kunabeba na namba yake. Kadi mama za mashini hizo zilikuwa za kuungaunga: badala ya namba, zilijibu maneno ya kiwandani yanayosema tu kwamba mtengenezaji ajaze hapa, na hakuna aliyewahi kujaza. Kadi ya mtandao ilikuwa kifaa kimoja cha USB kilichohamishwa kutoka mashini hadi mashini. Kwa macho ya programu yangu, mashini 5 zilikuwa mashini moja. Leseni moja iliwahudumia wanafunzi wengi kila jioni, na hakuna aliyekuwa amekusudia kuvunja chochote.

Katikati ya Aprili nakala kamili ilitokea katika kibanda cha kupakia nyimbo na filamu kwenye simu, katika komini ya Kenya hapa Lubumbashi. Masomo yote 46, franga 2,000. Aliyemletea Mwalimu habari alikuwa mwanafunzi wake mwenyewe, akiwa na simu mkononi na haya usoni. Mwalimu aliketi, akatazama somo la 12 tangu mwanzo hadi mwisho bila kusema neno. Lilikuwa limerekodiwa kwa simu nyingine iliyowekwa mbele ya skrini ya kompyuta. Kuku walisikika nyuma, na pembeni kulikuwa na mwanga wa pazia. Ubao ulisomeka vizuri.

Mtu alikuwa amekaa saa 19 mbele ya skrini kuirekodi kazi ile, somo baada ya somo. Hakuna sehemu ya kisa hiki niliyoifikiria zaidi ya hiyo.

Siku tatu baadaye yule mama wa mboga alimpigia Mwalimu. Hakuwa na hasira. Aliuliza kwa heshima: "Mwalimu, minaweza angalia ile ya kule kwa kibanda? Ile yangu iko inakatala."

Uamuzi wa pili

Nilikuwa nimeshaanza toleo la tatu. Lilikuwa na jina la mnunuzi likitembea juu ya video, ukaguzi wa kila dakika 10, na mambo mengine ambayo sasa naona yalikuwa hasira yangu ikijifanya uhandisi. Nilimpelekea Mwalimu maelezo yake.

Akaniuliza: "Wiki hii nani amekupigia simu?"

Nilifungua daftari. Walikuwa watu 9. Wote walikuwa wamelipa.

"Na yule wa kibanda?"

Yule wa kibanda hakuwa na sababu ya kutupigia. Nakala yake haikuhitaji msimbo, saa sahihi, wala kadi ya mtandao.

Hapo tuliacha toleo la tatu. Maamuzi yaliyofuata yalifanyika jioni moja, mbele ya mke wa Mwalimu, ambaye ndiye aliyekuwa akishika pesa na aliyesema wazi kwamba simu za Jumapili zimemchosha.

Tulitoa toleo lisilo na kufuli na kuamua kuwapa wanunuzi wote 61 bure, pamoja na ujumbe wa kuomba radhi ulioandikwa na Mwalimu mwenyewe. Bei ya flashi mpya ilishuka hadi dola 6, ikiambatana na kijitabu cha mazoezi. Mwanzoni mwa kila somo tuliweka sekunde 8 zenye jina la mnunuzi na maneno ya Mwalimu yakisema flashi inapatikana wapi. Na tulianzisha darasa la Jumamosi, franga 3,000 kwa mwanafunzi, ambapo Mwalimu hakufundisha tena yaliyo kwenye video. Mtoto alitazama somo nyumbani, akaja na item zilizomshinda, na Mwalimu akasahihisha makosa yake yeye.

Nilishauri pia twende kuzungumza na wenye vibanda. Mwalimu alisita kwa sababu ya heshima yake. Mwisho alikwenda na mpwa wake. Vibanda viwili vilikubali kuuza toleo safi na kumpa nusu.

Matokeo

Darasa la Jumamosi la kwanza lilikuwa na wanafunzi 34, na yakafanyika madarasa 9 kabla ya mtihani. Wengi walikuwa wametazama nakala ya kibanda. Mwalimu alijua hivyo na aliwapokea.

Flashi za dola 6 ziliuzwa 48. Kibanda kimoja kilileta nusu yake hadi Juni. Cha pili hakikuleta kitu, na hatukufuata. Maombi ya msaada baada ya kuondoa kufuli yalikuwa 3, yote kuhusu flashi zilizokufa.

Kwa pesa, Mwalimu alilipa deni la vifaa na kubaki na kiasi kidogo. Hakupata alichokitarajia kwa miezi 7 ya kazi, na sitaki msomaji aondoke akidhani kwamba kuondoa kufuli kulimtajirisha. Kulimrudishia Jumapili zake na uso mbele ya wazazi.

Uchambuzi: kwa nini kufuli halikuweza

Usimbaji ulibuniwa kwa ajili ya watu watatu: anayetuma, anayepokea, na anayesikiliza mlangoni. Auguste Kerckhoffs aliandika mwaka 1883 kwamba mfumo mzuri wa siri unabaki salama hata adui akiujua wote, mradi hana ufunguo. Katika kazi yetu mpokeaji na anayeshukiwa ni mtu mmoja. Ili aone somo, lazima ufunguo uwe ndani ya kompyuta yake, na kompyuta ni yake: anaweza kusoma kumbukumbu yake, kubadilisha saa yake, kunakili diski yake. Hesabu ya usimbaji haikuvunjwa hata mara moja katika kisa hiki. Haikuhitajika kuvunjwa.

Wenye fedha nyingi kuliko sisi wamegonga ukuta huohuo. DVD zilitoka mwaka 1996 zikiwa na mfumo wa kusimba wenye ufunguo wa biti 40; mwaka 1999 ukafunguliwa, na Jon Lech Johansen wa Norwei, aliyekuwa na miaka 15 programu ya kuufungua iliposambaa, alishtakiwa na kuachiwa na mahakama mara mbili mwaka 2003. Mfumo uliofuata, wa diski za Blu-ray na HD DVD, ulikuwa na usimbaji wenye nguvu zaidi, lakini mwaka 2007 funguo zake zilikuwa zinasambaa baada ya kuchotwa kutoka kumbukumbu ya kompyuta zilizokuwa zinacheza filamu. Ulinzi wa waya unaobeba picha kutoka kompyuta hadi skrini ulipoteza ufunguo wake mkuu Septemba 2010, na kampuni ya Intel, waliobuni ulinzi huo, walithibitisha kwamba ufunguo uliotolewa ni wa kweli.

Fundi anaweza kusema: basi tuweke siri ndani ya chipu ambayo mwenye kompyuta hawezi kuifikia. Wamejaribu. Ili kutazama diski za Ultra HD Blu-ray kwenye kompyuta binafsi, ilihitajika sehemu ya siri ndani ya prosesa za Intel iitwayo SGX, iliyoanza mwaka 2015. Sehemu hiyo ilishambuliwa na watafiti mara kadhaa, na kuanzia kizazi cha 11 cha prosesa za Core, mwaka 2021, Intel waliiondoa kwenye kompyuta za kawaida. Aliyenunua diski kihalali na kompyuta mpya hakuweza tena kutazama diski yake. Kitu kama hicho kiliwapata wenye michezo ya zamani ya kompyuta iliyolindwa na SafeDisc: Windows 10 ilipotoka mwaka 2015 haikukubali kipande cha programu ambacho kufuli hilo lilikihitaji, kwa sababu kilikuwa hatari kwa usalama, na diski halali zikawa visahani tu.

Niliposoma habari hizo baada ya kisa, nilimwona mama wa mboga ndani yake. Alilipa, na kufuli likamgeukia.

Halafu kuna nuru. Hata kama kila kitu ndani ya kompyuta kingekuwa salama, mwisho wa safari somo lazima liwe mwanga na sauti, maana jicho la mtoto haliwezi kusoma kilichosimbwa. Mbele ya jicho hilo inaweza kusimama simu. Nilitumia usiku 5 kuziba madirisha ya Windows, na hakuna mstari wowote wa programu ambao ungeweza kuizuia simu iliyoegeshwa juu ya mkebe wa maziwa.

Na inatosha mtu mmoja. Hili ndilo lililonishinda kulieleza kwa Mwalimu mwanzoni. Yeye alifikiri kama mwenye duka: nikizuia wezi 9 kati ya 10, nimepunguza hasara. Wahandisi 4 wa Microsoft waliandika waraka mwaka 2002 wakionyesha kwa nini hesabu hiyo haifai kwa faili: nakala moja ikishafunguka, inasambaa bila kufuli, na kila anayefuata anachukua iliyofunguka. Lubumbashi haihitaji hata intaneti kwa hilo. Bluetooth, kadi za kumbukumbu na programu za kutumiana faili simu kwa simu ni mtandao wetu wa kila siku.

Makosa ambayo yalikuwa yangu

Yaliyotangulia yangempata yeyote. Haya niliyaleta mimi.

Nilidhani kompyuta ina utambulisho. Mashini ya okazyo ni kama nyumba inayojengwa kidogo kidogo: mwaka huu mlango, mwakani bati. Nilidai vitu vitatu vyote vilingane kila mara. Windows XP ya mwaka 2001, ambayo watu waliilalamikia sana, ilipima vitu 10 vya kompyuta na kuvumilia kadhaa vikibadilika. Mimi katika mji ambao diski huhama mashini kama mpangaji, nilikuwa mkali kuliko Microsoft.

Niliandika programu ikiwa na shaka ikatae. Saa ikienda vibaya, ikatae; namba ikibadilika, ikatae. Kila mahali nilipokosa uhakika, niliuweka mzigo juu ya aliyelipa. Ningeweza kuiandika ifungue na kuandika kumbukumbu ya tukio. Sikulifikiria kwa sababu wakati naandika nilikuwa namwona mwizi tu mbele yangu, na mwizi huyo hakuwahi kuitumia programu yangu baada ya siku ile ya kurekodi.

Sikuhesabu saa za Mwalimu. Maombi 112, kila moja wastani wa dakika 15 kwa makadirio yangu, ni saa 28. Ni nyingi kuliko saa za masomo yenyewe. Katika bei niliyompa hakukuwa na mstari hata mmoja wa gharama hiyo.

Yaliyofaa

Kufuli lilikaa kama wiki 10 kati ya marekebisho ya toleo la pili na nakala ya kibanda. Kwa kazi inayouzwa msimu mmoja, wiki 10 ni kitu, na mteja mwingine angeweza kuridhika nazo. Flashi 61 za kwanza ziliuzwa kwa dola 15; bila kufuli huenda zingekuwa pungufu. Siwezi kulitenganisha jambo hilo na sifa za Mwalimu na msimu wa Januari, hivyo sijipi haki yake.

Lililofaa zaidi hatukulipanga. Kwa sababu kila mnunuzi alilazimika kupiga simu ili apewe msimbo, Mwalimu alijikuta na namba za wanunuzi wote na kumbukumbu ya mazungumzo na wazazi. Darasa la Jumamosi lilijazwa kutoka daftari hilo. Namba hizo zingepatikana pia kwa karatasi ndogo ndani ya pakiti ya flashi, bila kumfungia mtu.

Jina la mnunuzi mwanzoni mwa video lilifanya kazi ya wastani. Halikuzuia kunakili. Nakala mbili zilizoonekana Mei zilikuwa na jina la mwenye nazo, na wazazi hao wawili walikuja wenyewe kueleza kwamba mtoto aliazima. Mwalimu alizungumza nao kama jirani anavyozungumza na jirani.

Kuhusu sheria: haki ya Mwalimu juu ya kazi yake ipo, katika sheria ya Aprili 1986 inayolinda haki za watunzi nchini. Ilitungwa miaka 10 kabla ya mkataba wa 1996 wa WIPO, shirika la kimataifa la hakimiliki, uliozitaka nchi zilinde pia makufuli ya kidijitali yenyewe. Tuliitaja kwenye ukurasa wa kwanza wa kijitabu. Kumpeleka mahakamani mwenye kibanda kwa franga 2,000 hakukufikiriwa na yeyote.

Ninavyofanya sasa

Mteja anaponijia na ombi hili, kabla ya kuzungumza bei ninachukua simu yangu na kurekodi dakika moja ya kazi yake kutoka kwenye skrini, mbele yake. Kisha tunaitazama pamoja. Wengine huondoka. Wanaobaki tunazungumza vizuri zaidi.

Akiendelea kutaka kufuli, naweka masharti manne kwenye mkataba. Kufuli livumilie angalau nusu ya vitu vya kompyuta kubadilika. Likiwa na shaka, lifungue. Lisitegemee saa ya mashini. Na liwe na tarehe ambayo toleo wazi litatolewa kwa kila aliyelipa, ufunguo ukiwa umewekwa kwa mtu wa tatu ambaye si mimi wala mteja, ili mmoja wetu akifa au akihama mji, mnunuzi asibaki na flashi bubu.

Sharti la mwisho linatokana na hesabu ambayo haijafungwa. Kati ya wanunuzi 61, tuliwapata 54 na kuwabadilishia. Wengine 7 namba zao hazipokei. Yawezekana wamehamia Likasi au Kolwezi, au wamebadilisha laini. Flashi zao zilijifunga mwishoni mwa Julai kama nilivyoziandika. Funguo zao ninazo kwenye kompyuta yangu, na Mwalimu ana nakala yake kwenye karatasi, ndani ya daftari lilelile la simu.